Friji za mkono wa pili kwa Mzee, Shabab Nakuru: niliuza 2020, juzi nimerudi kununua

Nimengoja karibu wiki tatu kabla niandike hii, juu nilitaka friji ikae kwanza nyumbani imewashwa usiku na mchana nisije nikasifu kitu halafu kinizimikie. Imekaa. Inagandisha, haipigi kelele, na tokeni za stima hazijaisha haraka vile nilikuwa naogopa. Sasa naweza kusema.

Duka liko Shabab, ile barabara ya ndani yenye mafundi wa milango ya chuma, ukisikia wakichomelea jua umekaribia. Halina jina kubwa ukutani, watu husema tu kwa Mzee. Ni yadi ya mabati, ndani friji zimesimama mistari mistari kila moja na namba ya chaki mlangoni, vitanda vya tano kwa sita vimeegemezwa ukuta, makochi juu ya makochi, meko, wufa, tivi, cherehani, kabati za vyombo, hadi viti vya saluni. Nampa nyota nne kati ya tano, na ile moja nimeitoa juu ya waranti na usafiri, nitafika hapo.

Kununua kunaenda hivi. Unachagua, kijana wake anaibeba mpaka kwa soketi ya karibu na kaunta, anaiwasha, anaweka kikombe cha plastiki chenye maji pale juu kwa barafu, na Mzee anakwambia enda kanywe chai urudi baada ya masaa matatu. Ukirudi upate maji hayajaanza kushika, hauuziwi, yeye mwenyewe ndiye anakukataza. Kikombe changu nilikipata kimekuwa jiwe pembeni, katikati maji kidogo yanacheza, kijana akakigonga kwa kidole akasema hii iko sawa. Halafu akainamisha friji akanionyesha kompresa nyuma, akaniwekea mkono nisikie vile inatetemeka, akaniambia ikianza kutetemeka kwa kishindo nisingoje, nipige simu. Nililipa 18,500. Mpya ya saizi hiyo niliulizia dukani tao nikaambiwa elfu thelathini na kitu, na hapo sijahesabu kuibeba.

Lakini sababu yangu ya kuandika refu si bei. Ni lile daftari.

Mzee ana daftari kubwa la jalada gumu kwa kaunta, na mengine ya miaka ya nyuma yamepangwa kwa rafu nyuma yake. Kila kitu kinachoingia kinaandikwa, tarehe, ni nini, kimenunuliwa ngapi, na alama ndogo kama mwenye kukileta amesema atakirudia. Hiyo ndiyo sheria yake ambayo sijaiona kwa duka lingine hapa: ukimuuzia kitu anakaa nacho siku 30 bila kukiweka sokoni, ukirudi na pesa yake na kidogo juu unakichukua. Siku 30 zikipita, chaki inapanda mlangoni.

Nilikuja hapa mara ya kwanza Aprili 2020. Nilikuwa nafanya kwa shamba la maua Naivasha, upande wa kupanga na kufunga maua, nakaa Karagita na mtoto wangu. Machi ile korona ilipoanza soko la maua kule Uholanzi lilianguka ndani ya siku chache, maduka ya Ulaya yamefungwa, harusi hakuna, mazishi watu hawaendi, maua yakawa yanatupwa, na hapa kwetu ndege za abiria za nje zikasimamishwa tarehe 25 Machi na ndizo zilikuwa zinabeba mzigo mwingi chini. Sisi tukaambiwa twende nyumbani tutapigiwa simu. Likizo isiyo na malipo. Hakuna aliyetukana mtu, msimamizi mwenyewe alikuwa analia.

Sasa sikiza kitu nilijifunza hapo na hakuna mtu alinifundisha. Karagita wiki ile kila nyumba ilikuwa inauza friji. Plot yetu pekee milango sita. Ile friji yangu nilinunua mpya 26,000 nikiwa nalipa kidogo kidogo karibu mwaka mzima, jirani wa kwanza niliyemwonyesha alisema ana 4,000, na hakuwa ananionea, yeye mwenyewe alikuwa anatafuta wa kumnunulia tivi. Friji haikuwa imeharibika. Ilikuwa ile ile ya Februari. Kilichobadilika ni kwamba wote tulikuwa wauzaji siku moja na hakuna aliyekuwa na keshi. Ndio maana nikaipakia kwa lori la viazi lililokuwa linarudi Nakuru bila mzigo, nikamlipa dereva soo tano, tukakimbizana na kafyu ya saa moja jioni, nikaileta kwa Mzee. Alinipa 9,000. Aliniuliza, "Utairudia, mama?" Nikasema ndio. Akaweka ile alama.

Sikurudi. Siku 30 zilifika nikiwa nimeshatumia ile pesa kwa rent na unga.

Juzi nikingoja maji yagande nilimwambia ile hadithi, na Mzee hakusema mengi, alisimama akashusha daftari la 2020 akalifungua Aprili. Nilikuwa nadhani ataniambia amesahau. Kurasa tatu nzima za wiki moja, friji, friji, tivi, friji, kitanda, meko na mtungi, friji. Mwezi wa kawaida unajaza ukurasa mmoja hivi. Mstari wangu uko hapo kwa mwandiko wake wa kuinama: friji ndogo bluu, stika ya samaki mlangoni, 9,000. Stika aliibandika mtoto wangu akiwa na miaka mitatu. Nililia kidogo hapo kwa kaunta, siogopi kusema.

Nikauliza aliinunua nani. Mwenye plot. Juni 2020 alikuja mtu mmoja mwenye nyumba za kupangisha, akachukua friji tisa kwa siku moja, keshi, akiweka kwa nyumba za Airbnb. Yangu ilikuwa moja ya zile tisa. Mzee alimuuzia 13,000 kila moja.

Nimefikiria sana ile namba tisa. Yule mtu hakuiba, hakudanganya, alilipa bei iliyoandikwa. Lakini hapo ndipo mtu anaona vile uchumi ukianguka mali haipotei yote, nyingine inahama. Inatoka kwa mwenye lazima auze leo, inaenda kwa mwenye anaweza kungoja. Benki Kuu ilishusha riba yake mpaka asilimia 7 Aprili hiyo hiyo, na ni kitu kizuri, lakini mkopo wa bei nafuu unaenda kwa mwenye title ya kuweka dhamana, mimi wa Karagita benki ingenipa nini. Mwenye keshi ananunua chini, hali ikirudi ananyanyuka na vitu vyote mkononi, na mimi narudi sokoni kununua kitu nilichokuwa nacho.

Si Kenya peke yake. Marekani, lile anguko la uchumi la 2007 mpaka 2009 lililoanza na mikopo ya nyumba, familia ya katikati kabisa ilikuwa na mali ya dola 126,400 mwaka 2007, kufikia 2010 ikawa 77,300, hayo ni mahesabu ya benki kuu yao. Yaani zaidi ya theluthi moja imeenda. Na sababu ni kama ya friji yangu, juu mali ya mtu wa kawaida kule ni nyumba anayolala, na nyumba ndiyo ilianguka na ikachukua miaka mingi kurudi bei yake. Matajiri mali yao kubwa ilikuwa kwa shea, nazo ziliporomoka vibaya, lakini kufikia 2013 soko lao la hisa lilikuwa limerudi pale lilipokuwa kabla ya mambo kuharibika. Mwenye hakulazimika kuuza alirudishiwa. Hapa kwetu wenye walinunua shea za Safaricom zikitoka 2008 kwa bob 5 wanakumbuka vile zilishuka chini ya bob 3 mwaka uliofuata dunia ikiwa moto, kuna wenye waliuza hapo juu ya karo au mkopo waliokuwa wamechukua kununulia, na kuna wenye waliziacha tu zikae, na 2021 zikapita bob 40. Shea ni ile ile. Tofauti ni nani alikuwa na njaa 2009.

Mzee anaona hii kitu kuliko watu wa runinga. Alinionyesha pia daftari la 2014, mwaka kiwanda cha betri cha Eveready kilifungwa hapa Nakuru, akasema miezi ile makochi mazuri yaliingia mpaka akakosa mahali pa kuyaweka. Na nchi 2014 haikuwa imeanguka, uchumi ulikuwa unakua zaidi ya asilimia 5. Kwa zile familia hiyo asilimia 5 ilikuwa ya watu wengine. Hata 2020 ukisoma takwimu utaona uchumi wa Kenya ulipungua asilimia 0.3 tu, kanamba kadogo mtu anaweza kudhani hakuna kitu kilifanyika. Hiyo 0.3 ni ukichanganya shamba la chai lililopata mvua nzuri na hoteli iliyofungwa milango, mimi nilikuwa upande wa mlango uliofungwa.

Na serikali? Nitasema vile niliona.

Aprili 2020 ushuru ulishushwa, VAT, ule ushuru wa vitu tunavyonunua, kutoka asilimia 16 ikawa 14, na wenye mshahara wa mpaka 24,000 wakaondolewa PAYE yote, ushuru unaokatwa kwa mshahara. Nilisikia kwa redio nikafurahi dakika moja halafu nikakumbuka sina mshahara wa kuondolewa PAYE. Msaada unaopitia kwa karatasi ya mshahara unamfikia mwenye bado ana karatasi. Kilichofika kwetu kweli ni Kazi Mtaani, ule mpango wa serikali wa vibarua vya vijana. Mdogo wangu alikuwa Kaptembwa, akaingia awamu ya pili, 455 kwa siku, kufyeka na kuzibua mitaro, hazikuwa siku nyingi kwa mwezi na pesa wakati mwingine ilichelewa, lakini ilikuja kwa simu yake bila mtu wa katikati. Pesa ya kwanza alimlipa mama mboga deni. Ya pili alikuja hapa hapa kwa Mzee akachukua meko ya 2,300. Mzee na hiyo 2,300 akamlipa fundi wake wa gesi aliyekuwa amekaa wiki tatu bila kibarua. Mnaona vile ile 455 ilitembea? Mtu mmoja alizibua mtaro Kaptembwa na watu watatu wakala.

Mzee aliniambia kitu nimekibeba mpaka leo: "Kila mtu akifunga mkanda siku moja, mimi nitamuuzia nani?" Mei mpaka Juni 2020 yadi ilikuwa imejaa mpaka nje na hakuna aliyekuwa ananunua, ila yule wa tisa na wachache kama yeye. Mtu mmoja akiweka akiba ni busara, mji mzima ukiweka akiba wiki moja ni duka kufungwa na kijana wa duka kwenda nyumbani na yeye pia anaacha kununua. Hapo ndipo serikali inatakiwa itoe pesa wakati sisi tumeshindwa. Ilifanya hivyo 2009 pia, ule mpango wa bilioni 22 wa kufufua uchumi, masoko, vituo vya afya, na mabwawa ya samaki 200 kwa kila eneo bunge kwa maeneo 140, watu wa Magharibi na Kisii wanayakumbuka hayo mabwawa, mengine yalikauka juu hakuna aliyewaza chakula cha samaki kitatoka wapi baada ya mradi, mengine mpaka leo yanalisha familia. Kuchimba bwawa kwa mkono wakati hakuna kazi ni kazi, hiyo sitakosoa. Kitu nakosoa ni ile haraka.

Shida ni pale bili inakuja. Pesa ya 2020 ilikopwa, ushuru ulikuwa umepungua na matumizi yamepanda, ikabidi 2021 kuingia mpango wa mkopo na IMF, lile shirika la fedha la dunia, VAT ikarudi 16 tarehe 1 Januari 2021 kabla wengi wetu hatujarudi kazini. Halafu yakaja makato ya nyumba asilimia 1.5, SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75 kuanzia Oktoba 2024, NSSF ya akiba ya uzeeni nayo imepanda. Kila moja ukiiangalia peke yake ina sababu yake, na mimi nataka hospitali ifanye kazi. Lakini kuna mwanamke tulifanya naye kazi, basic 15,000 na kitu, anakatwa yote hayo kabla hajagusa, na wakati ule tulisota hakuna asilimia yoyote ilikuja upande wake. Vijana walipojaa barabarani Juni 2024, Nakuru pia walijaa, mpaka ule mswada wa fedha wa kuongeza ushuru ukaondolewa tarehe 26, mimi nilielewa hawakuwa wanachukia ushuru. Walikuwa wanahesabu.

Na serikali ikibana matumizi inabana wapi? Nendeni nyuma ya yadi, upande wa kulia. Kuna mashini ya kuchanganya simiti na jenereta mbili, zimeletwa na kandarasi mmoja aliyemaliza mradi wa serikali na akangoja malipo mpaka akachoka. Nilimkuta hapo siku ile, mtu mzima, kofia mkononi. Vijana kumi na wanne walikuwa chini yake, sasa ni yeye na mtoto wake. Pesa isipolipwa haionekani kama mtu amefutwa kazi, hakuna barua, lakini wale kumi na wanne wamemwaga unga kabisa.

Kuhusu mimi, niliitwa kazini Agosti 2020, na nilishukuru Mungu. Lakini nilitoka nikiwa wa kudumu nikarudi na mkataba wa miezi mitatu mitatu, kazi ile ile, meza ile ile. Hiyo ndiyo sehemu haisemwi. Uchumi unarudi, kazi inarudi, lakini inarudi imekonda. Ilinichukua mpaka mwaka huu kuweka 18,500 pamoja bila kuigusa, na kwa sasa niko Nakuru nafanya jikoni kwa shule ya kibinafsi.

Sasa zile kasoro. Waranti ni wiki mbili, na kwa friji hiyo ni kidogo, gesi inaweza kuvuja polepole na usijue mpaka mwezi. Nilimwambia Mzee aweke hata mwezi mmoja kwa kompresa peke yake, akasema atafikiria, mkienda mwambieni tena. Usafiri si wake, anakuitia mwenye pikapu wa nje na bei inatoka kichwani kwa dereva, mimi niliambiwa 1,500 mpaka Free Area, tukafika 900 baada ya maneno mengi, afadhali mjipange na mtu wenu. Friji nyingine zimepakwa rangi chini kuficha kutu, pitisha mkono kwa miguu na kwa raba ya mlango, weka noti kati ya raba na ufunge, ikitoka rahisi raba imechoka. Risiti ni ya kuandika kwa mkono, hakikisha ameandika namba iliyo nyuma ya friji. Soketi ya kujaribia ni moja tu, Jumamosi mnaweza kuwa watu watano mnangoja, enda Jumanne asubuhi.

Na msiende Januari mkidhani ni bei nzuri mkajisikia wajanja. Bei ni nzuri juu ni karo. Kama mna pesa nunueni, Mzee anahitaji kuuza ili aweze kununua kwa anayefuata, lakini msimlalie mpaka chini, kila soo mnayoshusha pale anaishusha kwa mtu anayekuja na kitu mkononi. Mimi sikubishana bei. Nililipa vile chaki ilisema.

Kitu kimoja. Nikipakia friji aliingia kijana na cherehani nyeusi ya kukanyaga, meza yake imefungwa na kamba ya manila, akasema ni ya mama yake na wateja wa yunifomu hawaji. Mzee akampa 6,500, akamuuliza kama atairudia, kijana akasema ndio, alama ikawekwa. Kama ni wewe unasoma hii, au unamjua, nimepita hapo jana na bado iko, imefunikwa na gunia nyuma ya kabati la vyombo, haina chaki. Umebaki na siku 11.